Miche ya paini na baridi ya kipupwe: dalili, chanzo na tiba kitaluni

Kila mwaka kipupwe kikishika, kuanzia katikati ya Juni, malalamiko ya wenye vitalu wa Makete, Njombe, Mufindi, Kilolo na milima ya Uporoto upande wa Mbeya hufanana: miche imeungua, na aliyeiunguza ni sakitu, yaani barafu ya usiku. Mara nyingi sakitu ilikuwepo kweli. Lakini ingia kwenye kitalu hichohicho uangalie vizuri. Tuta moja limeteketea, la jirani yake limesimama kijani, na usiku uliopita juu yao ni mmoja. Kilichotofautiana ni malezi ya Machi, Aprili na Mei. Mche ulionyweshwa kila siku, ukapewa urea mpaka mwisho na kukaa kivulini muda wote huingia kwenye baridi ukiwa laini, umejaa maji. Mche uliopunguziwa maji na mbolea mapema huwa umeshajenga shina gumu, na huo huvumilia.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili vyanzo vinaanza na kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi usiohitaji pesa, usikimbilie dawa. Mengi yaliyomo ni ya paini aina ya patula, kwa kuwa ndiyo inayotawala kwetu, kuanzia shamba la miti la Sao Hill hadi kwa mkulima mwenye ekari moja. Saipresi imetajwa pale inapotofautiana.

Kwanza, kitalu chako kiko wapi?

Vitalu vingi viko bondeni, pembeni ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, kwa sababu maji yako huko. Uamuzi huo unafaa Oktoba, ila Julai una gharama yake. Usiku usio na mawingu wala upepo ardhi hupoteza joto kwenda angani. Hewa inayoigusa hupoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu na kujaa bondeni. Ndiyo maana jirani mwenye kitalu mteremkoni, mita chache tu juu yako, anaweza kuamka asione hata chembe ya barafu.

Usiamini kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Kinaweza kusoma nyuzi joto 3 au 4 huku sindano, yaani majani ya paini, chini zimefunikwa barafu. Kiweke usawa wa miche, nje ya kivuli cha paa, ukisome alfajiri. Angalia pia ua wa kitalu. Ukiwa mnene upande wa chini wa mteremko, hewa baridi inanaswa ndani isipate pa kutokea. Fungua mwanya upande huo.

Miche iliyo kwenye viriba, yaani vifuko vya udongo vya kuoteshea, inahamishika. Kama bonde lako lina historia ya sakitu, ipandishe mteremkoni katikati ya Mei na uirudishe mwishoni mwa Agosti. Kubeba maji miezi mitatu ni kazi nzito, lakini ni nafuu kuliko kusia upya Septemba, maana miche ya Septemba haitawahi mvua za Desemba na Januari. Kwenye nyanda zetu za baridi patula huhitaji miezi sita hadi minane tangu kusia mpaka kufaa kupandwa.

Dalili ya 1: Asubuhi sindano zimelegea, zina kijani kilichoiva kama mboga iliyochemshwa, baada ya siku chache zinakuwa kahawia yenye wekundu

Hii ndiyo sakitu yenyewe. Alama yake ni kwamba inapiga kwa pamoja, kwa usiku mmoja, na hupiga zaidi ncha na upande ulioelekea angani. Miche iliyokuwa chini ya tawi la mti au karibu na ukuta huachwa. Ukiona uharibifu unaosambaa kidogokidogo kutoka mche mmoja kwenda mwingine kwa wiki kadhaa, hiyo si sakitu. Nenda dalili zinazofuata.

Chanzo cha kawaida kabisa ni miche isiyokomazwa. Shika shina karibu na udongo, ulikunje taratibu. Mche uliokomaa una rangi ya kahawia sehemu ya chini na hukataa kukunjika. Ulio laini ni kijani mpaka kwenye udongo na hulala kirahisi. Cha pili ni tuta kuachwa wazi usiku. Cha tatu, ambacho wengi hawakihesabu, ni jua la asubuhi. Mche ulioganda ukipigwa na jua la saa moja na nusu huyeyuka haraka mno, na madhara huongezeka. Matuta yaliyoelekea mashariki bila kizuizi huumia zaidi.

La kufanya asubuhi hiyo: usiguse sindano zilizoganda, zinavunjika. Usiondoe paa la nyasi mpaka barafu iyeyuke yenyewe kivulini. Kama hakuna paa, nyunyiza maji ya kisimani kabla jua halijachomoza, uendelee mpaka barafu iishe. Kunyunyiza mara moja na kuondoka hakufai, maana maji hayo nayo huganda.

Baada ya hapo subiri. Using'oe chochote kwa wiki tatu hadi nne. Kisha kwaruza gamba la shina kwa ukucha, kuanzia nchani ukishuka. Chini ya gamba kukiwa na weupe wenye ukijani na unyevu, sehemu hiyo iko hai. Kukiwa na kahawia kavu, imekufa. Mche uliokufa ncha tu utachipua pembeni. Ukichipua machipukizi mawili au matatu, acha moja lililonyooka ukate mengine, la sivyo utauza au kupanda mti wenye pacha, yaani wenye mashina mawili. Mche ambao gamba lake limekufa kuzunguka shingo, pale shina linapokutana na udongo, ungʼoe hata kama juu bado una ukijani. Hauna maisha huo.

Kwa usiku unaofuata, jenga chanja chenye urefu wa sentimita 60 hadi 100 juu ya tuta na uezeke nyasi au mikeka. Funika saa kumi na moja jioni, ardhi ikiwa bado na joto, funua barafu ikishaisha asubuhi. Kuacha paa mchana kutwa ni kosa, kwa sababu udongo haupati joto na miche inarudi kuwa laini. Nailoni inayogusa sindano haisaidii. Pale inapogusa ndipo pataungua. Mwagilia udongo mchana, kati ya saa nne na saa nane, maana udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulitoa usiku kuliko udongo mkavu. Usiloweshe sindano jioni.

Kuhusu moshi: mtu akikushauri uchome nyasi mbichi usiku kuzunguka kitalu, kataa. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea kwa kiwango cha kuokoa miche, na Juni hadi Oktoba ndio msimu wa moto kwetu. Cheche moja ikiruka kwenye nyasi kavu inaweza kuingia kwenye mashamba ya kijiji kizima.

Sasa tiba yenyewe, ambayo hufanywa kabla. Mahali penye baridi kali usisie Mei. Mche utakutana na Juni ukiwa na majani ya mwanzo tu. Sia Machi au mwanzoni mwa Aprili. Wiki sita kabla ya baridi acha urea na CAN, mbolea za naitrojeni, kabisa. Mbolea yenye potasiamu kidogo mwezi Mei inafaa kama unayo, lakini isikufanye uache mengine. Ondoa kivuli cha mchana kwa hatua: kwanza cha asubuhi na jioni, wiki inayofuata cha mchana. Punguza maji kutoka kila siku hadi kila siku mbili, kisha tatu, ukimwagilia kwa wingi kila zamu badala ya kudonyoadonyoa. Tenganisha viriba vilivyobanana ili hewa ipite na shina linenepe. Mche unaobanwa hurefuka kutafuta mwanga, na mrefu mwembamba ndio wa kwanza kuanguka.

Dalili ya 2: Kahawia inakuja polepole, bila kuonekana barafu

Hapa watu hupoteza miche mingi kuliko kwa sakitu, kwa kuwa hakuna asubuhi moja ya kutisha.

Chanzo kikuu ni kiu. Inaonekana ajabu kuzungumzia kiu wakati watu wamevaa makoti, lakini Julai hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki ni mkavu, jua la mchana ni kali, na udongo wa kiriba ukiwa baridi mizizi hufyonza maji kwa shida. Sindano zinatoa maji kuliko mizizi inavyoleta. Ukaguzi: nyanyua viriba kadhaa kutoka pembeni na katikati ya tuta. Vya pembeni vikiwa vyepesi na miche yake ndiyo yenye kahawia, umepata jibu. Pasua kimoja, mara nyingi juu pamelowa sentimita mbili na chini ni vumbi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya kiriba, weka udongo kuzunguka kingo za tuta, simamisha kizuizi cha upepo cha nyasi au matete upande wa kusini-mashariki.

Chanzo cha pili ni kukata mizizi kwa wakati mbaya. Mizizi iliyopenya chini ya kiriba ikazama ardhini lazima ikatwe, na inafaa kuanza mapema, kila wiki tatu au nne, kwa waya au panga kali. Anayesubiri mpaka Juni ndipo akate mizizi yote mikubwa kwa siku moja anauacha mche bila kinywa katikati ya kiangazi. Kama umechelewa, kata nusu ya tuta, ufunike kivuli siku saba, kisha nusu nyingine.

Cha tatu ni mizizi kuoza kwa maji mengi. Mizizi yenye afya ina ncha nyeupe. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ngozi yake inavuka ukiivuta. Punguza maji na utoboe matundu zaidi kwenye viriba.

Cha mwisho, na si cha kawaida kwa patula, ni ugonjwa wa sindano wenye mikanda ya rangi nyekundu-kahawia kukatiza sindano huku sehemu nyingine ikiwa kijani. Ugonjwa wa namna hiyo ndio uliofanya paini aina ya radiata iachwe Afrika Mashariki miaka ya 1960. Ukiiona mikanda, usinyunyize chochote kwa kubahatisha. Tenga miche hiyo na umwite afisa misitu.

Dalili ya 3: Miche imekuwa zambarau

Usiogope haraka. Baridi yenyewe hugeuza patula changa kuwa zambarau, na rangi hurudi Septemba joto likipanda. Kama sindano ni ngumu na ncha iko hai, iache.

Zambarau iliyoanza kabla ya baridi, kwenye sindano za chini, huku mche umedumaa, ni upungufu wa fosforasi. Kabla ya kununua mbolea ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Paini huhitaji kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake, mikoriza, ambao huisaidia kupata fosforasi. Wakiwepo utaona mizizi midogo iliyogawanyika kama uma na nyuzi nyeupe kama ukungu. Wasipokuwepo, mbolea itasaidia kidogo tu. Chota udongo wa juu chini ya paini kubwa zenye afya, changanya ndoo moja kwa ndoo tano hadi kumi za udongo wa kitalu, na kwa miche iliyokwishaota nyunyiza kiganja juu ya kiriba kisha umwagilie. Usichukue udongo huo chini ya miti inayokauka, utaleta ugonjwa nyumbani.

Dalili ya 4: Unjano

Sindano zikiwa njano upande wa juu tu na kijani chini, ni jua kali baada ya usiku wa baridi. Kivuli chepesi cha saa za asubuhi kinatosha. Zikiwa njano kila upande, chunguza maji kutuama kwanza, kisha jivu au chokaa kwenye udongo. Paini hupenda udongo wenye uchachu, na jivu la jikoni linalomwagwa kitaluni kwa nia njema huleta unjano huu.

Dalili ya 5: Miche midogo inaanguka au kung'oka yenyewe

Ikianguka ikiwa imenyongʼonyea shingoni, palipokonda na kuwa kahawia, ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shingo. Husambaa kwa viduara, na huja udongo unapokuwa baridi, umelowa, miche imebanana. Siku hiyohiyo acha kumwagilia, ondoa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza msongamano, fungua paa mchana. Msimu ujao tumia mchanga safi juu ya tuta la kusia na usirudie udongo uleule.

Shina likiwa limekatwa kabisa na sehemu ya juu imelala chini, fukua sentimita chache. Utamkuta sota, kiwavi anayekata mashina, amejikunja. Waokote alfajiri kwa mkono.

Kuna hali ya tatu ambayo watu wa Makete na pembezoni mwa Kitulo wanaijua zaidi, huko kunakozidi mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mche uko hai lakini umenyanyuliwa, mizizi iko hewani. Maji ya kwenye udongo yameganda yakasimama kama vijiti, yakausukuma juu, kisha yakayeyuka. Urudishe asubuhi hiyohiyo kabla mizizi haijakauka, gandamiza udongo kwa vidole, tandaza kokoto ndogo au mchanga mnene juu. Udongo mfinyanzi uliopondeka sana ndio unaonyanyua zaidi.

Dalili ya 6: Saipresi inakauka matawi kwa mabaka

Usiilaumu baridi kabla hujafunua matawi ya ndani. Vidukari wa saipresi waliingia Malawi mwaka 1986 na kufika Tanzania mwaka 1988, na msimu wa baridi kavu ndio unaowanufaisha. Utawaona kwenye vitawi wamekaa kwa makundi, rangi ya kahawia-kijivu, na chini yao kuna utomvu wenye sukari, ukungu mweusi na sisimizi wanaopanda na kushuka. Kwenye paini angalia pamba nyeupe kwenye kitako cha sindano. Huyo ni mdudu mwingine wa jamii hiyo.

Miche michache unaweza kuikata na kuizika. Tuta zima likiwa limeshambuliwa, simama hapo. Usihamishe wala kuuza mche hata mmoja mpaka mtaalamu aje.

Dalili ya 7: Mche ulipona kitaluni, umekufa shambani kipupwe cha kwanza

Chanzo cha kwanza ni nyasi. Wengi huacha majani marefu kuzunguka mche Juni wakidhani yanaukinga na baridi. Ni kinyume. Nyasi hufunika ardhi, joto la udongo halifiki kwenye sindano, na barafu hutua juu ya nyasi usawa uleule ulipo mche. Palilia mduara wa mita moja, udongo ubaki wazi, mwishoni mwa Aprili au Mei, na nyasi ulizokata zipeleke mbali na mche. Mkulima mwenye shamba mgongoni, kwenye ukame kuliko sakitu, anaweza kutandaza nyasi kutunza unyevu. Aliye bondeni asifanye hivyo.

Cha pili ni kuchelewa kupanda. Mche wa Desemba au Januari una miezi ya mvua ya kushusha mizizi. Wa mwishoni mwa Machi unaingia Juni ukitegemea udongo uliotoka nao kwenye kiriba. Kama umekosa Januari na shamba lako liko kwenye bonde la sakitu, mimi ningeitunza miche hiyo kitaluni mpaka msimu ujao, nikiikata mizizi, ilimradi haijazidi urefu. Mche mzuri wa kupanda una sentimita 20 hadi 30 na shina la milimita 3 au zaidi shingoni.

Cha tatu ni mizizi iliyokunjwa. Fukua mche uliokufa. Mzizi mkuu ukiwa umepinda na kuelekea juu, kosa lilifanyika siku ya kuhamishia kwenye kiriba au siku ya kupanda. Hakuna tiba kwa huo. Kagua jirani zake ili ujue ukubwa wa hasara. Ukikuta udongo wa mchwa kwenye shina, hilo ni jambo lingine na baridi haihusiki.

Na kabla ya kulaumu chochote, uliza mbegu ilitoka wapi. Patula huvumilia sakitu ya wastani. Paini aina ya caribaea ni ya nchi za joto, na chotara za patula na tecunumanii, ingawa hukua kwa kasi, huumia mapema kuliko patula yenyewe. Nunua mbegu yenye cheti kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ueleze mwinuko wa shamba lako kabla hujalipa.

Pale unapopaswa kuacha na kuita mtaalamu

Mwite afisa misitu wa halmashauri, au TFS walio karibu nawe, kama uharibifu unaendelea kusambaa wiki mbili baada ya kurekebisha maji na kivuli. Kama umeona mikanda nyekundu kwenye sindano. Kama vidukari wamejaa tuta. Au kama miche ni ya mkataba na unatakiwa kueleza hasara. Sampuli zinazohitaji maabara huweza kuelekezwa TAFORI, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania. Usichanganye viuatilifu viwili kwa ushauri wa dukani, usitumie dawa ya nyanya kwenye paini kwa kukisia, na hakikisha kopo lina usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Unapokwenda, usibebe sindano kavu mfukoni. Chukua miche mitatu pamoja na udongo wa viriba vyake: mmoja uliokufa, mmoja unaoanza kuumwa, mmoja mzima. Ifunge kwenye mfuko, iandike tarehe ya kusia, tarehe ya mwisho ya mbolea, ulikuwa unamwagilia mara ngapi, na usiku uliopita barafu ilionekana au haikuonekana. Beba na picha ya tuta zima iliyopigwa kutoka juu, kwa sababu umbo la uharibifu humwambia mtaalamu mambo ambayo mche mmoja hauwezi kumwambia.